Ziwa la Kushoto

Alipoamka, ziwa la kushoto lilikuwa tupu, na mtoto alikuwa bado hajanyonya.

Ni jambo dogo. Mtu anayeokota usingizi kama kuku anavyodonoa punje hawezi kuapia chochote. Asubuhi ile ile alikuwa ametia miwani yake ndani ya friji na siagi akaiweka kwenye rafu ya vitabu. Lakini ziwa ni ziwa. Alipojilaza lilikuwa limejaa mpaka linauma kwapani, gumu kama jiwe la kusagia, na sasa lilikuwa limelegea, chuchu imelowa, ina ule mwasho unaobaki mnyonyaji akishamaliza shughuli yake. La kulia lilikuwa bado limejaa. Mtoto alikuwa upande wa pili wa chumba, kwenye kitanda chake kidogo, amefungwa kwenye shali vile vile alivyomfunga mwenyewe, midomo mikavu, akitafuna hewa.

"Nimemnyonyesha nikasahau," alijiambia, akamnyanyua.

Jua la alasiri lilikuwa limepenya pazia na kulala sakafuni. Chumba kilinukia kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Nyumba hiyo haikuwa na kiberiti. Jiko lao lilikuwa la kubonyeza.

Alikuwa mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari. Wanafunzi walimwita Tindikali, jina alilolisikia kwa mara ya kwanza kupitia dirisha la maabara na akalipenda papo hapo, kwa sababu lilikuwa na ukweli. "Mimi tindikali, nyinyi kutu," aliwaambia, "tutaona nani atabaki." Mtu wa namna hiyo akinusa salfa chumbani mwake hasemi ni shetani. Anasema ni salfa, kisha anatafuta inatoka wapi. Alitafuta chini ya kitanda na ndani ya kabati, akachoka, akaacha. Siku hizo aliacha mambo mengi katikati.

Mtoto walimwita Mzee, maana alizaliwa na makunyanzi ya paji na uso wa mtu aliyeitwa kwenye kikao asichokitaka. Siku za mwanzo lilikuwa jina la mzaha. Sasa, kila alipomvua nguo, mbavu zilijitokeza na ngozi ya mapaja ilining'inia kama soksi kubwa, na jina likaanza kumchoma.

Kliniki, nesi alimweka Mzee kwenye mizani, akasubiri mshale utulie, akamtoa, akamrudisha, kama anayeipa mizani nafasi ya kufikiri upya.

"Hajaongezeka."

"Hata kidogo?"

"Amepungua, mama. Ananyonya vipi?"

"Ananyonya mpaka mimi naisha. Mchana kutwa, usiku kucha. Maziwa yanakwisha, dada, nayaona yanavyokwisha."

"Yanaingia hapa, sawa. Yanatokea wapi?" Nesi alikuwa ameshaifungua nepi, anaibonyeza kwa kidole gumba. "Mtoto wa umri huu tumbo lake ni kama ngumi yake. Anajaza, anamwaga, anataka tena. Hatumpimii kijiko. Tunaangalia nepi na mizani. Nepi nzito, mkojo mweupe kama maji, basi anashiba. Hii ni kavu."

"Zote huwa kavu," alisema Tindikali, na hapo ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Kumbe alikuwa amefurahia. Kwa uchovu wake alikuwa ameona heri, nguo chache za kufua.

Nesi alimwomba amnyonyeshe pale pale. Mzee alikamata vizuri, kinywa wazi, kidevu kimezama. Alivuta mara chache, akalegea, akalala. Nesi alilibana ziwa la kushoto kidogo na maziwa yakamrukia kwenye mkono wa sare.

"Kiwanda kinafanya kazi," alisema akijifuta, bila kucheka. "Mteja ndiye hapati mzigo. Sikiliza, mama. Mnyonyeshe kila akitaka, na asipotaka mwamshe. Maziwa hayakai yakamngoja mtu. Yanamfuata mnyonyaji, anayevuta zaidi ndiye anayeagiza zaidi. Mtoto dhaifu havuti, na asipovuta yanamkimbia. Juu yake ongeza ya kopo kwa kikombe, mtoto hafi njaa kwa ajili ya heshima ya mtu. Urudi wiki ijayo. Akiwa hivi hivi, tunamlaza wodini. Na akienda chini zaidi ya hapa..." Hakuimalizia. Alimfunga Mzee nepi yake kavu.

Maziwa ya kopo Mzee aliyanywa yote na kuyatapika yote, na matapishi yalinuka kiberiti.

Ndipo mama mkwe akaitwa. Alikuja na begi moja, mafuta yake ya kukandia na maoni yake, ambayo hayakuhitaji begi.

"Maziwa yako mepesi, mwanangu."

"Mama, maziwa si mchuzi."

"Hata mchuzi mwepesi haushibishi. Mwone mwanangu alivyokauka."

Mama mkwe alimwita kila mtu mwanangu: mkamwana wake, mjukuu, muuza mkaa, fundi bomba aliyemzidi umri. Hakuwa peke yake. Mwanangu ni neno ambalo watu hulitupa barabarani kama maganda ya ndizi. Ukitaka kupishwa, mwanangu, ukitaka kupunguziwa bei, mwanangu, ukitaka kumtukana mtu kwa adabu, sikiliza mwanangu. Tindikali mwenyewe alilitumia darasani alipokuwa karibu kumtoa mtu nje.

Mikono ya mama mkwe, hata hivyo, ilikuwa na heri kuliko mdomo wake. Alifua, alipika, alimkanda Mzee, na alipofika siku yake ya tatu alikuwa ameacha kusema maziwa mepesi. Alikuwa ameyaona. Matandiko ya upande wa kushoto wa kitanda yalikuwa yanalowa. Mkamwana wake alikuwa anaingia kupumzika amejaa na kutoka amekauka, na Mzee muda wote huo amelala mapajani pa bibi yake sebuleni.

"Unayakamua?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Hapana."

"Basi nani anayakamua?"

Tindikali alikuwa amesinzia amesimama, mkono kwenye beseni la vyombo.

Siku hiyo hiyo, saa ambayo mtaa mzima huwa umenyamaza kwa joto na hata mbwa hawabweki, alikuwa jikoni aliposikia kilio kutoka chumbani. Kilio kile kile, chembamba, kinachopanda na kukatika katikati kama mlango wenye bawaba mbovu. Mwili ulimjibu kabla ya akili: maziwa yalimshuka kwa kishindo kile cha sindano nyingi, blauzi ikalowa upande wa kushoto, miguu ikaanza kwenda. "Nakuja," alisema, akapita sebuleni, akasimama.

Mama mkwe alikuwa ameketi mkekani na Mzee mapajani, kiganja kimejaa mafuta, hakisogei. Mzee alikuwa macho, kimya kabisa, anatazama ujia unaokwenda chumbani.

Kilio kiliendelea.

"Mama," alinong'ona Tindikali.

"Nimesikia."

"Ni mtoto wa jirani."

"Jirani yako ni mseja."

"Redio basi."

"Redio hailii ikasubiri, mwanangu. Hiyo inasubiri. Sikiliza, inanyamaza ili ijue kama unakwenda."

Na kweli kilinyamaza, kimya kikaujaza ujia kama maji, na Tindikali akasimama pale na maziwa yanamtiririka mpaka kiunoni, ya kushoto tu, ya kulia hata tone, akiona aibu kama mtu aliyejikojolea hadharani, maana kichwa chake kilikuwa kimeshaelewa kwamba kile si chake na mwili wake, mpumbavu yule, ulikuwa bado unataka kwenda.

"Usiende," alisema mama mkwe.

Hakwenda. Lakini binadamu hulala, na chumba chenye kitanda kilikuwa kile kimoja. Aliweka kitu kizito dhidi ya mlango, akacheka mwenyewe kwa kujua kwamba hakifai kitu, akajilaza kwa ubavu na Mzee kifuani, mama mkwe ameketi kwenye kiti cha miguuni na tasbihi yake, ameombwa amchukue Mzee akianza kulia. Kulikuwa kweupe. Majini, watu husema, ni wa usiku. Huyu hakuwa na saa za kazi.

Alizama kwenye usingizi akimsikia Mzee ananyonya, na akaelea, na katika kuelea kwake alifurahi, maana safari hii mvuto ulikuwa na nguvu, mvuto wa mtoto mwenye afya, koo linakwenda gluk, gluk, gluk, mkono mdogo unampigapiga ziwa taratibu kama wanyonyaji wanavyofanya wakiridhika, na aliwaza, anashiba, leo mwanangu anashiba, mpaka alipogundua kwamba kinywa kile kilikuwa cha baridi, baridi ya chuma cha dirishani alfajiri, na kwamba mkono uliokuwa ukimpigapiga ulikuwa na vidole virefu mno kwa ngumi ya mtoto, na kwamba kiti cha miguuni kilikuwa kitupu, na kwamba kutoka sebuleni, mbali, mama mkwe alikuwa anamwimbia mtu na mtu huyo alikuwa Mzee, anayelia kwa njaa, kilio chake halisi, hafifu, kilichochoka, na yeye hakuweza kugeuza shingo wala kufumbua macho, kwa sababu alijua kwamba akifumbua macho ataonekana kwamba yu macho, na chochote kile kilichokuwa pale kingemtazama usoni kama watoto wanavyotazama, bila kuacha kunyonya.

Alilala hivyo, amefumba macho, mpaka kilipomaliza. Kabla ya kuachia, kilimng'ata. Si kwa ubaya. Kama wanavyong'ata wakianza kuota meno, kujaribu tu.

Mume wake alikuwa fundi wa lifti. Kazi yake ilikuwa kushuka kwenye mashimo ya giza ya majengo na kurudi na jibu, na alirudi jioni hiyo akiwa na grisi mpaka kwenye nyusi. Alitazama alama zilizozunguka chuchu ya mkewe: duara kamili, ndogo, juu na chini.

"Mzee hana meno," alisema.

"Najua hana meno."

"Haya ni mengi hata kwa mwenye meno."

"Baba Mzee, nimeyahesabu na wewe usianze."

Alinawa mikono kwa muda mrefu kuliko grisi ilivyohitaji. "Kazini," alisema akiwa bado ameipa sinki uso wake, "lifti ikifungua ghorofa ambayo hakuna aliyebonyeza, tunaandika hitilafu. Tunafunga, tunaondoka. Hakuna fundi anayeuliza nani kabonyeza."

"Na mimi niandike hitilafu?"

"Hapana," alisema. "Nitamleta maalim."

Alitegemea mkewe abishane. Tindikali, mwanamke aliyewahi kumfukuza ofisini muuza hirizi kwa kumwomba fomula ya dawa yake, alisema tu, "Aje mapema. Mtoto hana siku nyingi."

Maalim alikuja asubuhi, mtu mwembamba mwenye mafua, macho mekundu kwa kukesha kwa watu wengine. Alimtazama Mzee kwanza, akambana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, ikabaki imesimama. Akatikisa kichwa. Kisha akaketi mlangoni pa chumba, akafukiza ubani, akafungua kitabu chake, akaanza kusoma kwa sauti ya puani.

Kwanza ilikuja ile harufu, ikaumeza ubani. Kisha pazia likasogea bila upepo. Maalim akapandisha sauti. Na kutoka kitandani, pasipokuwa na mtu, kilikuja kicheko. Kicheko cha mtoto mchanga anayetekenywa, cha kupaliwa, cha furaha tupu. Maalim akasoma aya nyingine, kikacheka zaidi.

Alifunga kitabu, akapenga kamasi.

"Huyu ana muda gani hapa?" aliuliza.

"Sijui. Wiki kadhaa," alisema Tindikali.

"Mgeni akisomewa hupigana au hukimbia, binti yangu. Anayecheka yuko kwao. Nani alimkaribisha?"

"Hakuna aliyemkaribisha."

"Fikiri. Hawa hawaingii kwenye mwili wa mama mpaka wapewe. Ulimwambia nini, mwanangu? Siku ya kwanza kabisa."

Tindikali alitaka kusema hakuna siku ya kwanza, siku zote zilikuwa moja, ndefu, imelowa. Lakini ilikuwapo. Siku chache baada ya kujifungua, alfajiri, amechoka kiasi cha kusikia mifupa yake. Kilio kikaanza. Hakufumbua macho. Alifungua kifungo, akanyanyua shuka, akasema, "Haya, njoo, mwanangu." Na kikaja. Godoro lilibonyea, kinywa kikapata njia, na alilala usingizi mtamu.

Alikuwa hajawahi kuliwaza hilo tena. Mtoto wa siku chache haji akiitwa. Mtoto wa siku chache hubebwa.

Alilisema, polepole. Mama mkwe alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Lakini mwanangu ni neno tu, maalim," alisema Tindikali. "Hata wewe umeniita mwanangu sasa hivi."

"Nimekuita. Ulikuja ukanyonya?"

Hakuna aliyecheka.

"Sisi tuna maneno ya bure," alisema maalim. "Wao hawana. Ukimwita mwanangu, ni mwanao. Na juu ya neno kanyonya, na ziwa ni undugu, hilo huhitaji mimi nikwambie. Aliyenyonya ziwa lako ni mtoto wako, na ni ndugu wa huyu hapa. Mimi nafukuza wageni. Mtoto wa nyumba simfukuzi. Nikimtoa mlangoni atarudi dirishani, na atarudi na hasira."

"Kwa hiyo huyu afe," alisema fundi wa lifti. Sauti yake ilikuwa ya upole mno.

"Sikusema hivyo. Nimesema mimi sina amri juu yake." Maalim alikuwa anakusanya vitu vyake. "Ana mama. Mama akisema, mtoto husikia. Si kila mara, lakini husikia."

Alipoondoka, nyumba ilibaki na moshi na watu watatu wasiotazamana. Mzee alikuwa ameacha hata kulia. Alikuwa anatoa sauti kama ya paka aliye mbali.

"Mwachishe ziwa," alisema mama mkwe.

"La kulia limeshakauka. Nikipaka shubiri la kushoto, anayenyonya ziwa hilo hilo si Mzee pia? Na ya kopo anatapika."

"Usimwachishe kwa shubiri. Mwachishe kama wanavyoachishwa wakubwa." Alimfunika mjukuu wake vizuri. "Mdogo akija, mkubwa anaachia. Mume wako huyu nilimwachisha kwa maneno matupu, wakati nina mimba ya shangazi yake Mzee. Alininunia wiki nzima."

Fundi wa lifti alitazama dari.

Ilikuwa karibu na adhuhuri Tindikali alipoingia chumbani peke yake na kuufunga mlango. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akafungua vifungo vya blauzi, kisha akaweka kiganja juu ya ziwa la kushoto. Hakungoja sana. Kilio kilianza karibu na kabati, kikashuka sakafuni, kikaja. Maziwa yakajaa yakasukuma. Godoro lilibonyea ubavuni pake, kisha uzito ukapanda mapajani, mzito kuliko alivyotegemea, uzito wa mtoto aliyelishwa vizuri, na kitu cha baridi kikaanza kusukuma kiganja chake, hakikupata, kikasukuma tena, kikalia kwa mshangao.

"Nyamaza," alisema Tindikali.

Ilikuwa sauti yake ya darasani, ya kipindi cha mwisho Ijumaa. Kikanyamaza.

"Umeota meno. Mwenye meno hanyonyi. Umekuwa mkubwa, na una mdogo wako, na mdogo wako anakufa kwa sababu yako. Leo ndiyo mwisho."

Mkono wenye vidole virefu ulimpigapiga juu ya kiganja, taratibu, ule mpigo wa kuridhika, wa kubembeleza. Jambo ambalo hakulitegemea, na ambalo hakumwambia mtu baadaye, ni kwamba alikihurumia. Kilikuwa kimekuja kilipoitwa. Katika maisha yake yote marefu, karne ngapi sijui, labda hakuna mwingine aliyekiita. Maziwa yalimpenya katikati ya vidole, na ingekuwa rahisi sana kuondoa mkono, kujilaza, kulala.

"Hapana," alisema.

Kisha sauti, sauti ya mtu aliyejifunza kusema kwa kusikiliza nyuma ya ukuta, ikiwa na lafudhi ya mama mkwe na mafua ya maalim na ukavu wake mwenyewe, ilisema karibu na shingo yake:

"Nitakula nini?"

Na uzito ule mapajani uligeuka. Aliuhisi unavyogeuka, pole pole, kiuno kwanza na kichwa baadaye, kuelekea mlangoni, kuelekea sebuleni, ambako Mzee alikuwa amelala kwenye mikono ya baba yake na mbavu zake zote nje, na harufu ya salfa ikapanda mpaka machozi yakamtoka, na alijua, kwa ujuzi ule ule ambao mwili hutumia kushusha maziwa, kwamba swali hilo linataka jibu sasa, na kwamba asipolijibu yeye kitajijibu chenyewe.

"Uji," alisema.

Uzito ulisita.

"Uji, kama watoto wote. Utawekewa asubuhi kwenye bakuli, utakula, utashukuru. Na ukimgusa mdogo wako kwa jino, sikujui. Lile neno nitalirudisha. Utakuwa kama ulivyokuwa kabla sijakuita, hutakuwa wa mtu."

Alihesabu pumzi zake mwenyewe, maana hakukuwa na nyingine. Kitu cha baridi kiligusa kiganja chake mara moja, kwa midomo iliyofungwa, kikateremka. Pazia lilitulia.

Alitoka na ziwa lake limejaa. Lilikuwa limejaa mpaka linang'aa, lina homa yake lenyewe, na alilia kwa maumivu alipompokea Mzee na kumsogeza. Mzee alifungua kinywa bila imani. Alivuta mara moja, mbili. Kisha ikasikika sauti ambayo mama yake hakuwahi kuisikia kwake: akameza. Akameza tena. Maziwa yalimjaa yakamtoka pembeni ya midomo, akakunja paji lake la kikaoni, akaendelea, na watu wazima watatu walisimama wakimsikiliza mtoto anayemeza kama watu wanaosikiliza mvua juu ya bati baada ya kiangazi.

Kesho yake mama mkwe aliinyanyua nepi juu kwa vidole viwili. Ilining'inia kama begi la soko.

"Mwone bwana mkubwa," alisema. "Kajaza tangi."

Kliniki, nesi alimweka Mzee kwenye mizani, akamtoa, akamrudisha. "Umefanya nini, mama?"

"Ulisema yanamfuata mnyonyaji," alisema Tindikali. "Nikabadilisha mnyonyaji."

Nesi alidhani ni mzaha wa walimu, akaandika uzito.

Mama mkwe alipika uji kila asubuhi, akauacha kwenye bakuli chini ya dirisha la chumbani. Mara nyingine ulikauka juu ukabaki. Mara nyingine bakuli lilikuwa safi, na kijiko kimepindwa. Hakuna aliyeligusia hilo mezani. Watu huzoea, ndiyo maana nyumba zinakalika. Wiki zikapita, mashavu ya Mzee yakajaa, mapaja yakapata mikunjo, na mama mkwe akafunga begi lake akarudi kwake, kwa sababu, alisema, hata yeye ana kitanda.

Na hapo ndipo Tindikali alipogundua kwamba mtoto aliyeshiba naye hulia. Hilo hakuna aliyemwambia. Alasiri moja fundi wa lifti aliitwa kazini, watu wamekwama katikati ya ghorofa mbili, na Mzee akaanza. Alikuwa amenyonya maziwa yote mawili. Alikuwa mkavu, hana homa, hana gesi. Alilia tu, kwa nguvu mpya aliyopewa na maziwa yale yale, akaimbiwa, akatembezwa, akalazwa, akanyanyuliwa, mpaka mama yake, ambaye hakukumbuka mara ya mwisho alipolala usingizi wa kuota ndoto, alimweka kwenye kitanda chake kidogo, ambacho sasa kilikuwa sebuleni, akasema, "Mama amekwisha," akaenda kujitupa chumbani.

Alikisikia kilio kupitia ukuta. Kisha akakisikia kinasogea. Kilitoka kitandani kikaenda dirishani, kikarudi, kikaenda tena, kinapanda na kushuka kwa mwendo wa hatua, kama kinavyokwenda kilio cha mtoto anayebembelezwa na mtu anayetembea. Kikapungua. Kikawa kwikwi. Kikaisha.

Aliamka, akajishikilia ukutani, akaenda mpaka mlangoni pa sebule.

Mzee alikuwa hewani, katikati ya chumba, kwenye kimo cha kifua cha mtoto wa miaka saba hivi. Alikuwa amelalia kitu kisichoonekana, ubavu umebonyea juu yake, macho yamefumbwa, kichwa kimeangukia nyuma. Palinukia kiberiti. Mtu alikuwa anavumisha, kwa sauti iliyoibwa kutoka kwake, wimbo wake mwenyewe wa kubembelezea, na alikuwa anakosea maneno.

Alijua mama mzuri angefanya nini. Angeruka, angempokonya mtoto, angepiga ukelele mtaa mzima ukaja. Alisimama pale akilijua hilo, ameegemea fremu ya mlango, na pia alijua kwamba tangu ajifungue hii ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kumpokea mtoto kabla hajaomba.

Mvumo ulikatika. Kilikuwa kimemwona. Kilisubiri.

"Mshike shingo," alisema.

Kichwa cha Mzee kiliinuliwa taratibu, kikalazwa vizuri. Tindikali akakitazama kidogo, akarudi kulala.